Sauti imekauka? Weka yai chini

Jioni sauti hukauka. Nikinong'ona inapumzika? (Kondakta, paki ya teksi, Kampala)
Haipumziki. Kunong'ona kwa nguvu hulikaza koo. Nyamaza, au sema kidogo kwa sauti yako ya kawaida. Abiria wa Masaka anajua anakokwenda. Gonga bodi ya gari, acha kupayuka.

Asali kiasi gani kwenye yai bichi ili sauti iteleze? (Mwanakwaya, Jinja)
Tena yai! Unachomeza hupita njia ya chakula. Nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Yai likizifikia, utapaliwa. Kunywa maji kidogokidogo tangu asubuhi, mwili wenyewe uzipelekee unyevu. Yai kaanga.

Nina watoto zaidi ya 90 darasani. Kila Ijumaa sina sauti. (Mwalimu wa kike, Mbale)
Pole, mwalimu. Mwanamke akisema, nyuzi zake hugongana mara 200 hivi kwa sekunde. Zidisha kwa vipindi vya siku nzima. Tangu 1997, elimu ya msingi ilipofutiwa ada, madarasa yamefurika, na chombo alichoachiwa mwalimu ni koo lake. Usishindane na kelele: piga makofi, subiri watulie, ndipo useme. Wa nyuma wafuate huko huko. Usihutubie ubao huku unaandika. Unalisha koo vumbi la chaki na hakuna anayekusikia. Wanafunzi nao wasome kwa zamu. Ile tabia ya kujikohoza kabla ya kila sentensi huzigonganisha nyuzi bure, basi meza mate. Nanyi wazazi, mnaochangia mahindi ya uji kila muhula, kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni kimewashinda?

Naamka na sauti nzito, mchana inafunguka. Sivuti, sinywi waragi. (Arua)
Rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, unakula saa ngapi? Ukila usiku wa manane ukalala papo hapo, asidi ya tumbo hupanda hadi kooni. Acha zipite saa tatu kati ya chakula na kitanda.

Huu mwezi wa pili sauti inakwaruza. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara tatu. (Mhubiri, Gulu)
Na ukameza zote tatu! Sauti ikikauka kwa mafua, kwa kawaida ni virusi, na antibayotiki haziui virusi. Isitoshe, sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu inataka daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Mulago, Kampala, wapo. Huenda ni vinundu vya kupayuka, huenda ni saratani, na hakuna ajuaye mpaka koo litazamwe ndani. Waumini wanaosema ni upako, wasikilize ukiwa kwenye foleni.