Kalenda ya Mama Haianzi Desemba

Kila mwaka, ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, sisi watu wa Kilimanjaro tunaoishi Dar es Salaam hupanda kwenda nyumbani kwa maelfu, magari yakifuatana tangu Chalinze hadi Himo, na kwa muda wa miaka kama kumi na mitano niliamini kwamba safari hiyo ndiyo kipimo cha mtoto anayemjali mama yake. Nilifika Vunjo na kreti za soda, mchele wa Mbeya, fedha ya nyama ya kutosha ukoo mzima, kitenge kipya na bahasha. Kabla wiki ya kwanza ya Januari haijaisha nilikuwa nimekwisha kurudi kazini. Mwezi Machi, mvua za masika zilipoanza, mama yangu alikuwa akizunguka kwa majirani kukopa mbegu za mahindi, na mimi sikulijua hilo hadi nilipoambiwa na mtu mwingine.

Nawaandikia wenzangu ambao mama zao ni wakulima, wapo kijijini, na bado wana nguvu za kushika jembe. Kabla hujaamua umsaidie nini na lini, jifunze kalenda ya shamba lake na namna anavyopiga hesabu zake. Nilichelewa kujifunza, na nitaeleza nilivyokosea.

Mama ameishi kwenye kihamba cha ekari moja na nusu tangu alipoolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa asiyeijua Uchagani, kihamba ni shamba na makazi kwa pamoja: nyumba ipo katikati, migomba imeizunguka, kahawa imo chini ya kivuli cha migomba, magimbi yapo kandokando ya mfereji, na banda la ng'ombe lipo hatua chache kutoka jikoni. Kwa desturi yetu kahawa ilikuwa ya baba, na malipo yake yalipitia chama cha ushirika kwa jina lake. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, na fedha yake haikupitia popote ila kwenye pindo la kanga. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na malipo ya baba yakapungua mwaka hadi mwaka hata baadhi ya majirani wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Mimi na ndugu zangu watatu tulisomeshwa sekondari, miaka mingi kabla ada ya shule za serikali haijafutwa mwaka 2016, kwa lile pindo la kanga.

Ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani hula karibu kilo 50 za majani mabichi kwa siku, na kihamba kidogo hakiwezi kuzitoa. Mama alikata mabingobingo kwenye kingo, akakatakata mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, na mara kadhaa kwa wiki aliteremka hadi shamba la porini (tunaliita hivyo ingawa pori lenyewe lilikwisha zamani) kuchukua majani na mabua, kisha akaupanda mlima na mzigo kichwani. Samadi ilirudi kwenye migomba, na migomba ikamlisha ng'ombe. Nilipokuwa mtoto nilidhani mzunguko huo unajiendesha wenyewe, na naona aibu kukiri kwamba niliendelea kudhani hivyo hata baada ya kupata shahada.

Kosa langu la kwanza lilihusu ndizi. Kwa miaka mingi mama alikuwa akinitumia kwa basi mkungu wa mshare, siku nyingine pamoja na parachichi na mfuko wa maharage, nami nililazimika kwenda stendi kuupokea baada ya kazi, nimechoka, nikilipia mzigo na bajaji. Siku moja nilimpigia simu nikamwambia, kwa nia njema kabisa, asihangaike, kwa kuwa ndizi zimejaa soko la Mabibo na gharama ya kusafirisha inazidi bei ya ndizi zenyewe. Alinijibu, "Haya, mama," na hakutuma tena. Nilichogundua baada ya miezi kadhaa ni kwamba hakunieleza tena habari za shamba pia. Mkungu ule ndio uliokuwa ukianzisha mazungumzo: umetoka mgomba gani, upepo umeangusha mingapi, fuko wamefika wapi. Nilikuwa nimeufungia mlango mfereji pekee uliobaki kati ya maisha yake na yangu. Kwa hiyo, mama akikutumia kitu, kipokee, kipike, na umweleze kilivyokuwa kitamu. Gharama ya bajaji ni ndogo kuliko unavyodhani.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Baba alipofariki, tuliamua kikao kizima cha watoto kwamba mama "apumzike", nami nikamchukua kuja kukaa nami mjini. Alikaa wiki sita. Alipanda mchicha kwenye ndoo tupu za rangi, aliuliza kila asubuhi kama kuna aliyesikia habari za mvua ya nyumbani, na miguu yake, iliyozoea kupanda na kushuka mlima, ilianza kuvimba kwa kukaa. Jioni moja nilimkuta amesimama karibu na sinki akitazama maji yakiishia. "Mama," akaniambia, "hapa hata maji ya vyombo yanapotea bure." Nyumbani maji yale humwagwa kwenye shina la mgomba. Nilimkatia tiketi wiki iliyofuata. Sisemi kwamba kila mzazi abaki kijijini. Wapo wanaougua na wasio na mtu wa kuwaangalia, na hao hawana budi kuhama. Nasema tu kwamba mtu aliyefanya kazi miaka hamsini hapumzishwi kwa kunyang'anywa kazi hiyo. Anapumzishwa kwa kupunguziwa yale yanayomuumiza, na hayo anayajua yeye. Nilipomuuliza mama hatimaye, alitaja kitu kimoja tu: majani ya ng'ombe. Sasa tunamlipa kijana wa jirani kuyaleta, na gharama ya mwezi mzima haifikii fedha niliyokuwa nikiitumia kwa nyama ya Krismasi.

Likizo iliyofuata nilikaa naye barazani na daftari, tukaandika mwaka wake kama unavyokwenda. Shamba la porini ni ekari mbili, na ekari moja huhitaji karibu kilo 10 za mbegu bora. Kulima na kununua mbegu ni Februari, kabla ya mvua za kwanza za Machi, kwa sababu anayenunua mvua zikiwa zimeanza hukuta bei imepanda au aina anayoitaka imekwisha. Palizi ya kwanza huja wiki chache baada ya mahindi kuota, na hapo ndipo mbolea ya kukuzia na vibarua huhitajika kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, imeongezeka kazi ya kukagua moyo wa kila mche na gharama ya dawa. Mavuno ni Julai hadi Agosti, na hapo bei ya gunia huwa chini kuliko wakati wowote. Januari hadi Machi, mahindi yale yale, huwa ghali.

Tulipomaliza kuandika, tuliutazama ule ukurasa kwa muda. Fedha yangu nyingi ilikuwa ikifika Desemba, mwezi ambao shamba halihitaji kitu kikubwa. Agosti, mwezi ambao mama huuza magunia kwa bei ya kutupa ili alipe madeni ya palizi, sikuwa nikituma chochote, kwa kuwa niliwaza kwamba ana mavuno. Nikageuza utaratibu: kiasi kikubwa Februari, cha pili Aprili, na kiasi kidogo Agosti ili asilazimike kuuza. Jumla ya mwaka haikuongezeka hata shilingi. Mwaka wa kwanza wa mpango huo aliuza magunia manne mwezi Februari, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakukopa mbegu.

Lakini mahindi yasiyouzwa Agosti yanapaswa kufika Februari yakiwa mazima, na hapo yupo dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wengi nchini humwita skania, aliyeingia kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na anayeweza kuyageuza mahindi kuwa unga ghalani. Tulinunua mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kila tabaka hufungwa peke yake, na mdudu aliyemo ndani hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Sharti lake ni kwamba mahindi yawe yamekauka kweli. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, kisha acha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mama alilicheka jaribio hilo, akang'ata punje moja na kusema hazijakauka. Chupa ilikubaliana naye. Jambo jingine dogo: usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, hakikisha una jina la mama mwenyewe, si la kaka anayeishi Arusha na asiyejua hata shamba linapakana na nani.

Jina linanileta kwenye ardhi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo nilipoona wajane wengi wakiumia. Mwaka mmoja baada ya msiba, ndugu mmoja wa upande wa baba alianza kung'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya hatua tatu ndani ya kihamba chetu. Masale kwetu si mmea wa kuchezea. Ndiyo mipaka, na ndiyo hupelekwa kuomba msamaha. Mama hakusema neno, na alipoulizwa alijibu kwamba yeye "alikuja tu kuolewa hapa". Mwanamke aliyelima pale zaidi ya miaka 40 alijiona mgeni. Kwa bahati sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Tulikaa kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, mama akateuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kisha tukaomba kijijini hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Mchakato ulikuwa mrefu na wenye maneno mengi. Mimi ni mtoto wa kike, na wapo walionituhumu kwamba natafuta kihamba; niliwaacha waseme. Ushauri wangu ni kwamba usisubiri masale yang'olewe. Kama baba bado yu hai na anaelewana na mama, hati inaweza kuandikwa majina yao wote wawili, na mazungumzo hayo ni mepesi zaidi wakati hakuna anayelia.

Kuhusu afya nina jambo moja tu. Usimuulize mama anajisikiaje, kwa kuwa atakuambia hajambo. Tazama kazi ya mikono yake. Miaka miwili iliyopita nilikuta mawe kwenye maharage aliyonipikia. Mama yangu huchambua maharage kama anayehesabu fedha, na mawe mawili katika sahani moja yalinitisha kuliko malalamiko yoyote. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji wa kila jicho ulifanywa kwa ganzi na haukuchukua saa nzima. Alipofunguliwa bandeji, jambo la kwanza alilosema ni kwamba nimezeeka.

Namna ya kuuliza ina uzito hata kwenye simu. Swali la "una shida gani?" lina jibu moja, nalo ni "sina shida". Ukimuuliza palizi imefika mstari wa ngapi, au kama mfereji umefika zamu yake, atazungumza nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo shida itatajwa bila yeye kujiona anaomba.

Machi mwaka huu niliomba likizo ya wiki moja, nikaenda kupanda naye badala ya kungoja Desemba. Tuliteremka porini alfajiri, yeye akishika kamba ya kupimia mistari na mimi nikifuata kwa jembe. Alimaliza mistari sita wakati mimi nikiwa katikati ya wa pili, nikajinyoosha mgongo na kuangalia mlima. Nilipogeuka nilimkuta amepiga magoti kwenye mstari wangu, akifukua mbegu nilizozifukia kina kirefu mno na kuzirudishia udongo kidogo, moja baada ya nyingine, bila kusema neno.