Maswali ya Wasomaji: Carpenter Aliyekuwa Zimmermann

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani wa Pennsylvania, ukoo wao ni Carpenter. Marehemu bibi yao akisema walitoka Ujerumani kabla ya vita vya uhuru. Mtandaoni nimemwona Hans Zimmermann, mzaliwa wa Pfalz, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na miaka inaelekeana. Nimtie kwenye nasaba tunayowaandikia watoto?
*Mama Watoto, Nyali*

JIBU: Usimtie bado, dada. Zimmermann kugeuka Carpenter ni jambo la kawaida, maana jina lenyewe ni seremala. Schneider naye aligeuka Snyder, au akatafsiriwa akawa Taylor. Lakini kina Zimmermann walijaa Pfalz kama kina Mohamed Ali walivyojaa Mji wa Kale. Jina na mwaka peke yake havimfanyi mtu kuwa babu wa mumeo.

Usivuke bahari kabla hujamaliza upande wa Marekani. Shika babu wa mwisho mwenye karatasi, kisha urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Wasia hutafutwa kwenye kaunti, na kaunti zilikatwakatwa: Lancaster ilitoka Chester 1729, York ikatoka Lancaster 1749, Berks ikaundwa 1752. Shamba halikusogea hata hatua moja, ila karatasi zake huenda ziko kwenye makao ya kaunti mbili au tatu.

Ardhi ya Pennsylvania ilipitia kibali cha kupimiwa, ramani ya mpimaji, halafu hatimiliki. Nakala ziko hifadhi ya nyaraka ya jimbo, Harrisburg. Itazame ramani kwa makini: kwenye kila mpaka pameandikwa jina la jirani. Waandike wote. Watu wa kijiji kimoja mara nyingi walihama pamoja na wakapakana tena ugenini, kwa hiyo Zimmermann akikwama, jirani yake anaweza kukupa jina la kijiji. Fanya vivyo hivyo na wasimamizi wa ubatizo kwenye vitabu vya kanisa, kwani wengi wao huwa ndugu au watu wa kwao. Ukikuta mama kaandikwa Müllerin, usidhani ni ukoo mwingine. Ni Müller, na hiyo *-in* ni alama ya mwanamke.

Sasa meli. Kuanzia Septemba 1727, wanaume wa Kijerumani wa miaka 16 na zaidi walioshuka Philadelphia waliapishwa utii kwa mfalme wa Uingereza na kutia sahihi. Sahihi hizo zilichapishwa kwa picha mwaka 1934. Weka ya melini kando ya ile ya wasia au ya hati ya shamba, uangalie mkia wa Z na jinsi n mbili za mwisho zilivyofungwa. Aliyesaini melini kisha akaweka X kwenye wasia bado anaweza kuwa yeye, kwani mkono wa mgonjwa hutetemeka. Aliyeweka X melini, halafu miaka miwili baadaye akasaini kwa mwandiko laini, mtilie shaka. Wanawake na watoto kwa kawaida hawamo kwenye viapo, basi usiseme mke hakuwamo melini kwa kuwa hukumwona.

SWALI: Natafuta Johann Georg Becker simpati, na nduguze wanne nao ni Johann! Ni makosa ya karani?
*Msomaji, Tudor*

JIBU: Si makosa. Johann hapo mbele ni kama *Mwana* kwenye Mwanaisha na Mwanakombo. Jina la kuitwa ni la pili, kwa hiyo mtafute Georg au George. Ila Johannes, likiandikwa kamili, mara nyingi ndilo jina lenyewe la kuitwa.

Becker naye, kwenye sikio la karani Mwingereza, huenda alisikika Pecker, au akageuzwa Baker. Mfumo wa Soundex hulinganisha sauti lakini huishikilia herufi ya kwanza: Becker ni B260, Pecker ni P260, na hawakutani kamwe. Rudia utafutaji wako kwa P.

SWALI: Wasia umeandikwa Novemba 1740, ukathibitishwa mahakamani Februari 1740. Yawezekanaje?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari hiyo kwetu ni ya 1741. Makarani waangalifu waliandika 1740/41. Nawe nakili hivyo hivyo, usiirekebishe.

SWALI: Nilipie tovuti gani?
*Msomaji, Bamburi*

JIBU: Anza na FamilySearch, akaunti ni bure, ingawa baadhi ya picha hufunguka kwenye vituo vyake tu. Matricula, tovuti ya vitabu vya kanisa, nayo ni bure, lakini hasa ni ya Wakatoliki, na wengi wa wahamiaji hawa walikuwa Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wafuasi wa Calvin). Vitabu vya Kiprotestanti viko Archion, ya kulipia. Kabla hujatoa pesa, jifunze kusoma Kurrent, mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao *e* yake hufanana na *n*. Na uwe na jina la kijiji mkononi: vitabu vimepangwa kwa parokia, na bila kijiji utakuwa umelipia kutazama majalada.