Usikaze bolti gari likiwa limening'inia

Mdogo wangu unayeanza garaje hapa Goma, kazi ya bushi za mbele itakufikia mapema. Magari mengi yanayopanda Masisi ni Land Cruiser za zamani, na mji wenyewe umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile iliyoshuka Januari 2002 ilipita katikati ya mitaa, na mpaka leo kuna njia ambako gurudumu linakanyaga jiwe jeusi lenye makali tangu asubuhi hadi jioni. Kila pigo linaisukuma nyuma ekseli, yaani chuma kinachobeba magurudumu mawili, na anayelipokea ni mpira mdogo uliobanwa kati ya pete mbili za chuma. Wengi wetu tunauita silambloki, majirani zetu wa Kampala wanasema bushi. Nitaandika bushi, ni fupi.

Nazungumzia Land Cruiser za aina ya HZJ78 na HZJ105, zenye ekseli nzima mbele na springi za koili. Kila upande una mkono mrefu wa chuma: nyuma umefungwa kwenye shasi kwa bushi moja, mbele umeishika ekseli kwa bushi mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Halafu kuna baa ya Panhard inayoizuia ekseli isihame kulia na kushoto, nayo ina bushi mbili.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Mwambie mwenzako akae ndani, injini ikiwaka, azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe lala chini uangalie ncha za Panhard. Ukiona baa inatembea ndani ya tundu lake kabla gurudumu halijageuka, umeipata moja. Kwa ile mikono ya chuma, ingiza mtaimbo kati ya mkono na mabano yake, yaani masikio ya chuma yanayoushika, usukume. Mpira mzima unakubali kidogo kisha unarudi. Uliochoka unabaki ulipousukuma, na mara nyingi utaona ufa mweusi wenye vumbi ndani yake. Dereva mwenyewe atakuambia kwamba akikanyaga breki anasikia "tok" chini ya miguu, na kwamba gari linatafuta njia lenyewe.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi hii.

Nilikuwa na miaka miwili garajeni. Mzee mmoja aliyekuwa anasafirisha jibini kutoka Masisi alileta HZJ78 yake, na shefu akaniachia kazi nzima. Nilibadilisha bushi zote sita za mikono, nikapanga kila kitu, na gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu zote. Nilifurahi sana siku ile. Baada ya wiki saba mzee akarudi. Hakugomba. Alisema tu, "Kijana wangu, usukani umerudi kama zamani."

Tulipotoa mkono, mpira wa bushi ya nyuma ulikuwa umechanika duara zima kuzunguka pete ya ndani. Shefu akaniuliza, "Ulikaza wapi?"

"Juu ya stendi, shefu."

Hakusema neno. Akachukua bushi mpya, akaibana kwenye jiliwa kwa pete ya nje, akapitisha bolti, akaibana pete ya ndani kwa nati na rondela (washa), kisha akaisokota kwa spana. Niliona kwa macho yangu: pete ya nje imetulia, ya ndani imegeuka, na mpira katikati umevutika kama nguo inayokamuliwa. Akasema, "Hivi ndivyo ulivyompa mzee gari lake. Limesimama tu barabarani, mpira tayari umesokotwa. Sasa mpeleke Masisi."

Bushi ya mpira haizunguki juu ya bolti. Bolti ikikazwa, pete ya ndani inashikamana na mabano, na mwendo wote wa mkono kupanda na kushuka unabebwa na mpira unaojisokota kidogo huku na huku. Kwa hiyo pale unapokaza ndipo mpira unapopaita nyumbani. Ukikaza ekseli ikiwa imeshuka hadi mwisho, gari likisimama chini mpira unakuwa umekwisha vutwa upande mmoja, na kila shimo linauvuta zaidi upande ule ule.

Basi fanya hivi. Weka kuni au vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Stendi usiziweke moja kwa moja juu ya changarawe ya lava, zinazama upande mmoja bila kukuonya. Weka ubao mnene chini yake. Jana yake uwe umepuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti, kwa sababu bolti ya zamani huwa imeganda ndani ya pete. Toa mkono mmoja tu kwa wakati. Ukitoa yote miwili, ekseli inapinduka na utapoteza nusu siku kuirudisha.

Kabla ya kusukuma bushi ya zamani, piga alama kwenye mkono kuonyesha imekaaje, hasa kama mpira wake una matundu au sehemu nyembamba. Kwenye presi, sukuma pete ya nje kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo. Ukisukuma mpira au pete ya ndani, umeiua bushi kabla haijaona barabara. Wako wanaochoma mpira kwa moto. Moshi ule ni mbaya kwa mapafu na pete ya nje inabaki ndani ya tundu lile lile. Safisha tundu kwa msasa, paka maji ya sabuni, ingiza bushi ikiwa imenyooka. Grisi ya kawaida usiiguse kwenye mpira, inauvimbisha. Grisi kidogo ipake kwenye shina la bolti tu, ili atakayefungua baada yako asiteseke.

Mashimo yakikataa kulingana wakati wa kurudisha mkono, usipige nyundo. Weka jeki ndogo chini ya pua ya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, pale shafti inapoingia, uipandishe au uishushe polepole. Ekseli itazunguka na bolti itaingia kwa vidole.

Wateja wengi wameinua magari yao kwa springi ndefu. Hapo ujue kuhusu kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu unavyolalia nyuma. Huo mlalo ndio unaorudisha usukani wenyewe baada ya kona. Kuinua gari sentimita 5 kunapoteza karibu digrii 2 za kasta, na dereva anaanza kupigana na usukani. Ziko bushi zenye tundu lililohama katikati kwa ajili ya kurekebisha hilo. Kwenye magari haya, tundu la bushi ya mbele ya ekseli likae juu, la bushi ya nyuma likae chini, pande zote mbili sawasawa. Ukizigeuza, unaondoa hata ile kasta iliyobaki.

Kuhusu bushi za plastiki ngumu, kwa mikono ya mbele mimi sizipendi hapa kwetu. Ekseli ikipinda juu ya mawe, kitu fulani lazima kikubali, na bushi isipokubali, mabano ndiyo yatakayopasuka. Kwenye Panhard sina neno nazo.

Ukishamaliza, bolti zote ziwe zimeshikwa tu. Shusha gari chini, lisukume mbele na nyuma mita chache, panda bampa mara kadhaa litulie. Ndipo uingie chini, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu, ukaze kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema.

Paralelismi, yaani kupanga magurudumu ya mbele yaelekee njia moja, inakuja mwisho kabisa. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, pima umbali kati ya mistari upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu. Sogeza gari mpaka alama zile zile zifike nyuma, pima tena. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1 au 2. Kama sivyo, legeza vibano vya fimbo ndefu inayounganisha magurudumu, uizungushe, upime upya. Yule mzee wa jibini tulimfanyia yote haya bila kumdai chochote, na aliporudi kutoka safari ya kwanza niliingia tena chini ya gari na spana. Nati mbili za upande wa kushoto zilikubali robo mzunguko.