Kabla hujaingia Aberdare kwa msafara wa magari

Msafara wa msituni hupimwa kwa gari la mwisho. Nimeendesha na vikundi mbalimbali kwenye njia za msitu wa Aberdare, Kenya, na mara nyingi kilichotuharibia siku hakikuwa tope. Dereva wa mbele alikimbia, wa nyuma akaachwa peke yake kwenye njia panda katikati ya mianzi, simu haina mtandao, hajui wenzake wamekata kulia au kushoto.

Ndiyo maana kanuni moja siilegezi: kila dereva anamchunga aliye nyuma yake. Ukifika penye njia panda, husogei mpaka umwone na yeye aone unakopindia. Wote wakishika hilo, hakuna anayepotea hata redio zikizima. Anayeijua njia atangulie, wageni wakae katikati, na mkiani liwe gari lenye winchi (mashine ya kuvutia gari kwa waya) na dereva asiye na papara. Magari matano yanatosha. Yakizidi sana, njia inavurugika kabla wa mwisho hajaipita.

Ruhusa ya hifadhi ya msitu ni ya KFS, shirika la misitu la Kenya. Ukiingia ndani ya mbuga ya taifa, ni KWS, shirika la wanyamapori. Usiishie kulipa. Waulize askari wa msitu ni njia ipi imekatwa na maji, wapi mti umeanguka, na ndovu wameonekana upande gani. Mimi hupendelea Januari na Februari. Kati ya Machi na Mei udongo mwekundu wa miteremko ile huteleza mno, na dereva mgeni hana cha kujifunza pale zaidi ya hofu.

Kabla ya tope, punguza upepo wa tairi. Kama barabarani ulikuwa psi 35 (kipimo cha upepo), shuka hadi 20 hivi, tairi litanuke na kushika ardhi, kisha uende polepole. Lazima kikundi kiwe na pampu ya kurudishia upepo. Beba mafuta ya ziada pia, maana gia nzito za fowili, gari likisukumwa na magurudumu yote manne, zinakunywa.

Mlimani lipande gari moja moja, jingine lisubiri chini hadi la kwanza lifike juu. Gari likishindwa katikati, usijaribu kuligeuza. Kanyaga breki, ingiza rivasi, achia breki taratibu, urudi kwa mstari ulionyooka, mlemle ulimopandia. Likikaa ubavu kwenye mteremko, linaweza kubingirika. Wakati wa kushuka tumia gia ya kwanza nzito, na mguu usiguse klachi; acha injini ndiyo ilizuie gari.

Sasa kuvutana, na hapa naomba unisikilize sana. Usifunge kamba kwenye ile tufe ya kukokotea trela. Haikutengenezwa kwa mshtuko wa kunasua gari, na ikikatika inaruka kama risasi kuelekea kwenye kioo cha mwenzako. Funga kwenye ndoano au pete iliyoshikwa na chesi, yaani fremu ya gari. Kabla ya kuvuta, chimbueni tope mbele ya magurudumu kwa sepetu. Kazi ya dakika chache huiondolea kamba mzigo mkubwa. Tupa koti zito juu ya waya wa winchi ili ukikatika usiruke mbali. Watu wote wasogee, na mmoja tu atoe amri. Nimesimamisha kazi mara nyingi kwa sababu mtu ameruka waya akitafuta picha nzuri, na nitaendelea kusimamisha.

Winchi ukiifunga kwenye mti, tumia mkanda mpana. Waya mtupu unakata gome kuzunguka shina, na mti huo unaweza kufa baada ya nyinyi kurudi nyumbani. Wengi huja vichwa vimejaa Rhino Charge. Hayo ni mashindano ya magari ya porini, yapo tangu 1989, mshindi akiwa anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuuzunguka msitu huuhuu, ukakamilika 2009. Sisi matembezini hatukati njia mpya. Ukikwepa dimbwi kwa kupita pembeni, wa nyuma atakufuata, njia itapanuka, mvua itaifanya korongo, na udongo utaishia mtoni. Mito ya hapa ndiyo inayojaza mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayonywesha Nairobi. Pita katikati ya dimbwi, baada ya mtu kulipima kwa fimbo. Na lango la uzio ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Upande wa pili kuna shamba la viazi la mtu, na ndovu wanalijua.

Mkikutana na ndovu njiani, simameni mbali, injini ikiwaka, bila honi, gari la nyuma likiacha nafasi ya kurudi rivasi.

Mkitoka msituni, jazeni upepo kabla ya lami, kanyageni breki mara kadhaa mkiwa polepole ili zikauke, na mwenye gari la mkiani ahesabu magari. Akishataja idadi, kila mtu anaweza kwenda zake.