Jibu: Magurudumu ya kaboni au mkao kwanza?

Ndugu yangu, umeuliza kama magurudumu ya kaboni yenye rimu pana yatakufaa kwa mbio za kushindana na saa, ilhali baiskeli ni hiyo hiyo unayoendea Naivasha. Mimi ningetuliza mfuko kwanza.

Ukienda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, nguvu zako nyingi humezwa na hewa, na kinachoizuia zaidi ni mwili wako, si baiskeli. Tena hesabu yake ni kali: kuongeza mwendo kwa asilimia 10 dhidi ya hewa kunadai nguvu zaidi kwa takriban theluthi nzima. Ndiyo maana hendeli za kulalia viwiko, kichwa kikishushwa na mabega yakibanwa, zitakupa faida kubwa kwa bei ndogo. Zizoee polepole, mgongo usije ukagoma.

Nairobi nayo iko juu, kama mita 1,700, kwa hiyo hewa ni nyepesi na hukuzuia kidogo. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli kutoka Ubelgiji, alikwenda Mexico City, mji ulio juu pia, mwaka 1972 kwa sababu hiyo hiyo, akaweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja: kilomita 49.431. Lakini mapafu nayo hupata oksijeni kidogo, basi usilinganishe muda wako na wa mwenzako wa Mombasa.

Safari ya Naivasha ikifika, zifungue hendeli hizo uziondoe. Mteremko wa Mai Mahiu una malori na upepo wa ubavuni. Mikono ikae kwenye breki.