Mwanangu, umeniuliza juu ya Rama

Mwanangu Zaituni,

Wa aleikum salaam. Umeuliza: mwaka 1998, nduguyo Rama alipougua malaria ya ubongo, angepewa dawa ya kuzima zile saitokini, jumbe za kemikali ambazo kinga ya mwili hutumiana, leo angekuwa haanguki kifafa? Kwanza ujue jambo moja. Saa nne usiku, hapa Bombo, mimi ndiye niliyesema tungoje kukuche.

Mama yako alitaka twende. Kwenye kliniki walimpa panadol, wakasema homa tu, nami nikaamini koti jeupe. Alfajiri mtoto akakakamaa, macho yamepinduka. Taksi ikang'ang'ania kujaa kwanza. Nikalipia viti vyote. Hospitali ya Mulago, Kampala, wakamtundikia kwinini. Siku tatu tunamwita, haitiki. Ya nne akaomba chai. Chai ile, Zaituni! Nilimshikia kikombe, nikaimwaga nusu.

Uliniambia vijidudu vya malaria havitoki kwenye mishipa. Chembe za damu vilizozivamia ndizo hunasa kwenye mishipa midogo ya ubongo, kisha mwili unaanza kuitana kwa saitokini: ile iitwayo TNF, na wenzake, mpaka chembe za kinga za ubongo wenyewe zinaamka. Mimi nilikuwa mpiga redio jeshini, hilo halikunipa shida. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: redio haimalizi kikosi, kikosi humalizwa na redio isiyonyamaza.

Basi izimwe? Ndivyo nilivyodhani. Kumbe Gambia walishajaribu, matokeo yakatoka 1996: watoto zaidi ya 600, wakaizuia TNF, vifo visipungue, na waliobaki na madhara ya ubongo wakazidi. Deksamethasoni nayo, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, Thailand, 1982, ikarefusha kupoteza fahamu kwa wagonjwa wa malaria hiyohiyo. Lakini kwa TB ya utando wa ubongo, Vietnam, 2004, dawa hiyohiyo ikapunguza vifo! Sasa redio ni adui au si adui? Labda nilikosea kusema redio, kana kwamba ni moja.

Halafu ukanitumia ule utafiti wa watoto wa Mulago kwetu: waliokuwa na TNF nyingi kwenye maji ya uti wa mgongo ndio kumbukumbu yao ilikuja kusumbua zaidi. Nikazima simu. Rama anafufua redio za mtaa mzima, lakini bei anaziandika ukutani kwa chaki zisimtoke.

Kwa hiyo dawa ile, nadhani hapana. Saa zile saba tulizongoja... wewe umesomea, ungeweza kusema. Mama yako hajasema mpaka leo. Mimi nina neno langu, ila nitaliacha hapo.

Ukija Jumapili upitie dukani: vidonge vya Rama vimebaki vya siku sita.

Baba yako