Kenchi za chuma chepesi Kaole: usilipe kwa geji, pima milimita kwanza

Mkuu, hiyo hela isitoke mfukoni kesho. Umeandika kwamba nyumba ina upana wa mita 8, iko Kaole, pwani ya Bagamoyo, mchwa wamekuchosha na mbao, na muuzaji amekwambia uchukue chaneli za C (vipande vya bati lililokunjwa kwa umbo la C) za "geji 24" kwa sababu tofauti yake na zile za milimita 0.75 zilizo kwenye mchoro "haionekani kwa macho". Umeuliza bei ukilinganisha na mbao, umbali wa kenchi hadi kenchi, kama fundi wa kuchomelea anaweza kuziunga, na rangi ya bati. Hilo la geji ndilo linaloangusha mapaa, kwa hiyo tuanze nalo; bei na rangi zitangoja.

Geji, ile namba ya unene wa bati, si kipimo kimoja. Kwenye jedwali la Uingereza, geji 24 ni milimita 0.56. Kwenye jedwali la Marekani la bati tupu ni 0.61. Kwenye jedwali la Marekani la bati lililopakwa zinki ni 0.70, na hiyo 0.70 imeshajumlisha zinki yenyewe. Watu watatu wanaweza kusimama dukani wakasema "geji 24", wote wakawa wakweli, na kila mmoja akawa na bati lake kichwani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofika 0.75. Na mchoro wa kenchi ukiandika 0.75 unamaanisha chuma kitupu, bila zinki wala rangi.

Sasa tuone hiyo tofauti "isiyoonekana". Chukua chaneli yako, mgongo (upande mpana) milimita 89, mbawa (pande mbili za pembeni) 41, midomo (mikunjo midogo ya ukingoni) 12. Mgongo ukigandamizwa, hauvunjiki kwa kuwa chuma kimezidiwa nguvu. Unabonyea kwanza, unafanya mawimbi. Mkazo wa kubonyea unafuata mraba wa uwiano wa unene kwa upana. Kwa 0.75 mgongo huo unaanza kubonyea kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo) 51 hivi. Kwa 0.56 unaanza kwenye 28 au 29. Hapo chuma chenyewe kimeandikwa G550, yaani megapaskali 550! Ndiyo maana muuzaji akikutajia G550 kama jibu la kila swali, hajajibu kitu. Ugumu wa chuma hauzuii kubonyea, unene ndio unaozuia.

Kubonyea si mwisho wa mzigo, tuseme haki. Debe tupu ukilikalia, ubavu unaingia ndani lakini kona zinabaki zimesimama na kubeba. Chaneli nayo iko hivyo hivyo: katikati ya mgongo panalegea, na kazi inahamia kwenye vipande vidogo vilivyo karibu na mikunjo. Wahandisi wanakiita upana unaofanya kazi. Kwa 0.75, kati ya milimita 89 za mgongo, zinazofanya kazi chuma kikifikia nguvu yake yote ni kama 25 tu. Kwa 0.56 ni kama 19. Zidisha kwa unene: 0.75 inakupa milimita za mraba 19 za chuma kinachobeba, 0.56 inakupa chini ya 11. Unene umepungua robo, mgongo umepoteza zaidi ya asilimia 40.

Na haijaishia hapo. Chuma cha G550 kimepata nguvu yake kwa kubanwa kati ya rola kikiwa baridi, hivyo hakinyumbuki vizuri. Kadiri kinavyokuwa chembamba ndivyo kanuni zinavyokihofia. Kanuni ya Australia na New Zealand ya chuma kilichokunjwa baridi, ambayo programu nyingi za kenchi hizi zinaitumia, inakuruhusu robo tatu tu ya nguvu yake kikiwa chini ya 0.6, wakati cha 0.75 inakipa asilimia 90. Weka adhabu hiyo juu ya hesabu ya kubonyea, unabaki na nusu ya mgongo uliochorewa. Viungo navyo vinashuka: skrubu kwenye bati jembamba inalala upande na kurarua tundu, na nguvu yake ya kuzuia hilo inafuata unene kwa kipeo cha moja na nusu, kwa hiyo kila skrubu imepoteza kama theluthi. Mchoro ulioandika skrubu tatu kwenye kiungo ulihesabu bati la 0.75.

Kinachonikera ni kwamba anayekwambia "haionekani" anajua anachofanya. Yeye ananunua koili (bati lililoviringishwa) kwa tani na wewe anakuuzia kwa mita. Kila desimali inayopungua kwenye unene inabaki kwake. Na fundi anayeunga mkono kwa "chuma ni chuma" anakuangusha zaidi, maana wewe umemlipa akulinde. Kenchi haianguki siku ya kupaua. Inasubiri upepo, au inasubiri ile siku utakayopandisha tangi la maji darini bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usilipe hata shilingi mpaka umepima unene wa chuma kitupu kwa milimita, wewe mwenyewe, kwenye mzigo utakaopakiwa, si kwenye sampuli ya kaunta.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Tafuta maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo. Kalipa ya kawaida si mbaya, ila kwenye unene huu kosa la 0.05 ni kubwa mno. Pima katikati ya mgongo au mbawa, mahali palipo bapa, mbali na mkunjo na mbali na ukingo uliokatwa kwa sababu una manyoya. Pima sehemu tatu. Kama chaneli imepakwa zinki ya Z275, toa 0.04, maana gramu hizo 275 kwa mita ya mraba ni za pande zote mbili na kila upande una kama mikroni 20. Ukisoma 0.75 kwenye maikromita, basi chuma ni 0.71. Kitakachoonyesha 0.79 ndicho 0.75 yako. Ukitaka uhakika kamili, kata kipande kidogo, kitie kwenye tindikali ya haidrokloriki iliyopunguzwa kwa maji, nje penye hewa, ukiwa na miwani na glavu. Zinki ikiwa inaliwa, povu linachemka kwa nguvu. Likitulia ghafla, zinki imekwisha. Suuza, kausha, pima.

Huna maikromita? Tumia mizani, na hapa hakuna wa kukubishia. Bati la chuma la unene wa milimita 1 lina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Chaneli ya 89 kwa 41 yenye midomo ya 12 imekunjwa kutoka ukanda wa milimita 187 hivi. Kipande cha mita 6 cha 0.75 chenye Z275 kinatakiwa kiwe karibu kilo 6.9. Kikiwa cha 0.56 kitakuwa kama kilo 5.2. Funga vipande kumi pamoja, pima mara moja, gawanya. Tofauti ya kilo 17 kwenye mzigo wa vipande kumi inaonekana hata kwa mizani ya kupimia mahindi. Muuzaji akikataa usipime, nenda duka jingine.

Kuhusu fundi wa kuchomelea: hapana. Moto wa elektrodi unaunguza zinki pande zote mbili, na ile nguvu ya G550 iliyotokana na kubanwa baridi inayeyuka mahali pale pale palipochomelewa. Yaani kiungo, ambapo nguvu zote zinakutana, kinakuwa ndicho dhaifu na ndicho cha kwanza kupata kutu. Bila kusema kwamba bati la chini ya milimita 1 linatoboka tu, na moshi wa zinki unampa fundi homa. Chaneli hizi zinaungwa kwa skrubu za kujitobolea, namba 10 au 12. Weka umbali kati ya skrubu na skrubu usiopungua mara tatu ya kipenyo chake, na usizisogeze ukingoni. Dereva ya umeme iwe na kikomo cha nguvu, maana skrubu ikizungushwa baada ya kukaa inakula uzi wake kwenye bati na haishiki tena. Kata kwa mkasi wa bati. Cheche za grinda zinadunga zinki na kila kidoa kinakuwa kutu.

Na mwambie fundi asikate midomo ya chaneli ili vipande viingiliane, isipokuwa mchoro umeonyesha. Huu ni mtindo umeenea na ni mbaya sawasawa na kupunguza unene. Mbawa yenye mdomo imeshikwa pande mbili. Ukiukata mdomo inabaki imeshikwa upande mmoja, na mkazo wa kubonyea unashuka karibu mara tisa. Mbawa ya 41 ya bati la 0.75 inatoka kwenye megapaskali 240 hivi hadi 26. Milimita 12 za bati, zimekatwa kwa mkasi ndani ya sekunde chache.

Umbali wa kenchi: kwa upana wa mita 8 na bati la kawaida, mita 1.2 ndiyo watu wanaanzia, na mchoro unaweza kukusogeza karibu zaidi. Lakini usiuangalie umbali huo kwa uzito wa bati tu. Pwani shida ni paa kuinuliwa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, una msukumo wa kilo 55 hivi kwa kila mita ya mraba, na bati, papi na kenchi zako kwa pamoja hazifiki kilo 15. Kwenye kenchi ya mita 8 iliyopangwa kila mita 1.2, hata ukitoa uzito wa paa, kila ncha inavutwa juu kwa nguvu inayokaribia kilo 200, bila kuhesabu upepo unaoingia chini ya vipenuu (sehemu za paa zinazotokeza nje ya ukuta). Na usiseme Bagamoyo haina dhoruba. Kimbunga cha 1872 kilichoivuruga Zanzibar kiliipiga Bagamoyo pia na kubomoa majengo ya misheni, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Paa likivutwa juu, mlalo wa chini wa kenchi ambao siku zote unavutwa unageuka kuwa unagandamizwa. Kipande ambacho fundi alikiona "hakina kazi" ndicho kinachobonyea. Kwa hiyo ukishapima unene, hakikisha milalo ya chini imefungwa kwa chaneli inayopita kenchi zote, kila mita 2 hivi, na mishazari kwenye ncha za nyumba. Nanga zitoke ndani ya linta, nondo au mkanda wa chuma uliomwagiwa zege, usipigilie misumari kwenye tofali.

Jambo la zinki nalo ni la unene, maana ukianza na chembamba huna cha kupoteza. Kwenye hewa ya pwani yenye chumvi ya wastani zinki inaliwa mikroni 2 hadi 4 kwa mwaka. Karibu kabisa na bahari inafika hadi 8. Fanya hesabu na mikroni zako 20. Sehemu za chini ya vipenuu zinaumia zaidi kuliko zilizo wazi, kwa sababu chumvi inatua na mvua haiioshi. Ukikuta chaneli imeandikwa Z100, hiyo ina mikroni 7 tu kila upande. Ni ya kazi za ndani, dari na vizuizi vya jipsamu. Kama utachukua iliyopakwa aluminiamu na zinki, isiguse zege wala saruji mbichi, aluminiamu inaliwa na saruji. Na mbao ya juu ya ukuta ikiwa imetiwa dawa ya kijani yenye shaba, tenganisha na chuma kwa nailoni nzito, maana shaba inaila zinki haraka.

Kesho nenda na mizani. Kisha weka hapa uzito wa vipande kumi vya mita 6, maandishi yaliyochapwa kwenye bati kama yapo, na picha ya jedwali la skrubu kwenye mchoro wako. Ikija kilo 69 au juu yake kidogo, tuendelee na umbali wa papi. Ikija 52, mrudishie mzigo wake kabla haujashushwa kwenye gari.